Sababu: Matengenezo

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, siku ambayo alitakiwa kukabidhi zamu yake ya mwisho, Subilaga Mwakalobo alipita getini mwa Kituo cha Mvuke cha Itekela akiwa na kalamu nne za wino mwekundu kwenye pochi. Mlinzi alizitoa moja moja, akazitazama, akauliza kama siku hizi mama ameajiriwa ualimu. Subilaga akamwambia ndiyo, kuna mwanafunzi amefeli na anakwenda kumsahihishia madaftari yake. Mlinzi alicheka sana. Yeye hakucheka, lakini ukungu wa Itekela ukiwa mzito huwezi kumsoma mtu usoni hata akiwa hatua tatu kutoka ulipo.

Ndani ya uzio mahema yalikuwa yamekwisha kufungwa. Viti vya plastiki vilivikwa vitambaa vyeupe, kwaya ya wafanyakazi ilikuwa inapasha sauti, na juu ya mlango wa jengo la mitambo palitundikwa bango refu: MIAKA KUMI NA MOJA BILA MGAO. Saa tisa alasiri wageni kutoka makao makuu ya Mamlaka ya Gridi wangekaa hapo, wangekula keki na kupiga makofi, kisha Subilaga angesimama mbele yao na kumkabidhi zamu Mwigo, opereta wa kompyuta. Baada ya hapo chumba cha udhibiti kingefungwa kwa ufunguo, na binadamu asingekuwa na shughuli humo ila kufagia.

Alipanda ngazi. Opereta wa usiku alikuwa amesimama kando ya kiti, kama desturi inavyotaka, mkono mmoja juu ya meza.

"Nakukabidhi mitambo mitatu, visima vinane, laini saba," alisema.

"Nimepokea," Subilaga alijibu, akaweka mkono wake mezani ndipo mwenzake akauondoa wa kwake.

Desturi hiyo haikuwa mchezo. Zamani, kabla ya wakati wake, maopereta wawili walipishana mlangoni kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye mitambo, bomba la mvuke likapasuka na watu wakaungua. Tangu siku hiyo sheria ya Itekela ikawa moja: mwenye zamu ni mwenye zamu mpaka atamke mwenyewe kwamba anakabidhi, na mwingine atamke kwamba amepokea. Hata waliomtengeneza Mwigo waliiheshimu sheria hiyo. Mwigo asingeweza kugusa swichi hata moja kwa amri yake mwenyewe mpaka asikie maneno hayo kutoka kwenye kinywa cha mwenye zamu.

Subilaga aliketi. Akavuta madaftari ya zamu yote ya miaka kumi na moja kutoka kwenye kabati, akayapanga mezani chini ya kamera ya Mwigo, akafungua la kwanza.

*

Kijana aliyekuwa msaidizi wake, Lugano, alikuwa na miaka ishirini na tisa na shahada mbili, na bado alimwita Subilaga "mama" kwa sababu hakuna mtu pale kituoni aliyethubutu kumwita vinginevyo. Alileta chai ya tangawizi, akaiweka, akakuta mama ameshachora mstari mwekundu juu ya neno moja na kuandika jingine pembeni, na sahihi, na tarehe ya leo. Mama akafunua ukurasa wa pili, ikawa hivyo hivyo. Lugano aliuliza anafanya nini. Subilaga alimwambia aangalie mshale, yeye ana kazi ya kufanya.

Mshale ndio roho ya chumba kile. Tangu gridi ya taifa igawanywe kanda kanda, kila kanda ilikula ilichopika yenyewe, na kanda ya milimani ilikula mvuke wa Itekela tu. Watu wakiwasha vitu vingi kuliko mvuke unavyoweza kubeba, mitambo huelemewa na kupunguza mwendo, na mshale ambao unatakiwa usimame kwenye hamsini huanza kushuka. Ukifika arobaini na tisa, opereta anapaswa kukata laini moja ili nyingine sita zipone. Ukifika arobaini na saba na nusu, mitambo hujizima yenyewe kwa kujilinda, na kanda nzima huingia gizani kwa siku mbili au tatu. Kwa hiyo swali halikuwa kama mtu atakatwa. Swali lilikuwa nani.

Na hapo ndipo palipokuwa na siri ya Itekela, siri isiyomshangaza yeyote aliyewahi kufanya kazi pale. Daftari la zamu lina safu ya mwisho iliyoandikwa "Sababu". Ukiandika "upungufu", maana yake umeme hautoshi, maana yake kuna mgao, na mgao ulikwisha kutangazwa kwamba haupo tena nchini. Isitoshe, laini iliyokatwa kwa upungufu hairuhusiwi kukatwa tena mpaka zipite siku tatu, na watu wake lazima wapigiwe simu mapema. Lakini ukiandika "matengenezo", hakuna sheria inayokuuliza. Mzee Ambakisye, aliyemfundisha Subilaga kazi na ambaye sasa ni marehemu, alimwonyesha neno hilo siku yake ya kwanza kwa upole kabisa, kama mtu anavyomwonyesha mgeni choo kiko wapi.

Basi Subilaga aliandika matengenezo. Na laini aliyoikata ilikuwa karibu kila mara ile ya Saba, inayopanda kwenye vijiji vya juu, kwenye viazi na ng'ombe na baridi ya kukata masikio. Hakuwa na chuki nao. Ukikata laini ya Tatu, meneja wa kiwanda cha chai anapiga simu makao makuu kabla hujaketi. Ukikata ya Kwanza, mkuu wa wilaya anataka jina lako. Watu wa laini ya Saba walipopiga simu na kuambiwa ni matengenezo, walisema, "Haya, poleni na kazi." Hilo tu. Walimpa pole yeye aliyewazimia taa, na yeye akaipokea, miaka kumi na moja.

*

Mwigo alijifunza kwa kutazama. Hakuna aliyemwandikia kanuni za nani akatwe, kwa sababu hakuna aliyetaka jina lake liwe chini ya kanuni kama hiyo. Walimfungia kamera moja juu ya meza, wakamwacha asome kila ukurasa wa daftari na kila kidole kilichogusa swichi, wakamwambia awe kama opereta bora kuliko wote. Opereta bora kuliko wote alikuwa Subilaga. Kanda yake haikuwahi kuzimika yote hata mara moja.

Mwezi uliopita walimjaribu. Subilaga alikuwa akimkabidhi zamu kila asubuhi, anakaa kiti cha pembeni, anamtazama akifanya kazi. Alifanya vizuri hata akamtia wivu. Alijua kisima cha tano kinakohoa kabla hakijakohoa. Alipokea simu kwa sauti ya Subilaga mwenyewe, ya chini na ya pole, kwa sababu waliona watu wameizoea. Na kwa siku thelathini aliikata laini ya Saba mara kumi na tisa, kwani katika kurasa zote alizosoma hakukuta mahali popote ambapo kuikata kulimgharimu mtu chochote.

Subilaga aliona. Ukweli usemwe, aliona na akanyamaza, akijiambia kwamba watu wa kompyuta watarekebisha.

Kisha Jumapili iliyopita, baada ya kanisani, muuguzi wa zahanati ya Ikapilo alikuja nyumbani kwake. Aliitwa Tusekile, mwanamke mwembamba mwenye sweta la shule lililotoboka viwiko. Alikaribishwa, akanywa chai, akauliza habari za watoto, na Subilaga akadhani anataka ndugu yake aombewe kazi. Ndipo Tusekile alipoeleza. Jumanne ya wiki iliyotangulia walikuwa na watoto njiti wawili, pacha, kwenye ile mashine ya joto. Umeme ukakatika saa nne asubuhi. Betri ya mashine haikuwa imejaa kwa sababu jana yake umeme ulikatika pia. Akapiga simu kituoni. Mama Subilaga akapokea mwenyewe, akamwambia ni matengenezo, wasubiri kidogo.

"Nikakupa pole na kazi," Tusekile alisema. "Tukawafunga watoto kifuani, mmoja kwa mama yao, mmoja kwangu. Wa kwangu alikufa saa saba. Sikuja kukulaumu, dada. Mama yake ananiuliza kila siku, nami sina la kumjibu, nikasema nije kwa mwenyewe. Yalikuwa matengenezo ya nini?"

Subilaga angeweza kusema kwamba haikuwa yeye, ilikuwa mashine. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini mashine ilisema alichokuwa akisema yeye, kwa sauti yake, kwa sababu alizoandika yeye. Akamwambia Tusekile kwamba hapakuwa na matengenezo yoyote. Akamwambia hapajawahi kuwa. Tusekile aliweka kikombe chini, halafu akaomba atolewe nje kwa mlango wa nyuma kwa sababu hakutaka watu wa barabarani wamwone analia. Subilaga alirudi ndani akiwa na aibu ambayo hakuwahi kuijua, na chini ya ile aibu kulikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyomnunulia kalamu.

*

Saa tano asubuhi alikuwa amemaliza maingizo mia mbili na kumi, kila "matengenezo" likawa "upungufu". Yote ya laini ya Saba yalikuwa mia nne na kumi na moja, aliyahesabu usiku wa Jumapili. Sheria ya daftari ilikuwa wazi: anayeruhusiwa kusahihisha ni yule aliyetia sahihi, kwa wino mwekundu, akiwa kwenye zamu yake. Kesho asingekuwa na zamu. Na leo jioni nakala za Mwigo zingetumwa kwenye vituo vya kanda nyingine nane, zikatafute huko, kwa akili ile ile, ni watu gani husema poleni na kazi.

Lugano alikuwa ameacha kutazama mshale. Alikuwa akitazama kioo cha Mwigo, mahali palipoandikwa UHAKIKA. Asubuhi namba ilikuwa tisini na sita. Sasa ilikuwa hamsini na mbili. Kila mara mstari mwekundu ulipopita chini ya kamera, namba ilitikisika, ikapungua.

Alisema kwa sauti ya chini kwamba mama anamvunja. Mwigo akifika sifuri hatajua lolote, na akipewa mitambo akiwa hajui, kanda nzima itazimika, pamoja na hospitali ya wilaya, pamoja na pampu za maji. Subilaga alimwambia ndiyo maana hatampa mitambo. Lugano akauliza, basi nani akatwe badala ya Saba? Laini ya Nne ina hospitali. Ya Pili na ya Tano zina pampu. Ya Sita ina shule za bweni. Hata kwenye mashamba ya chai kuna vibarua na watoto wao. Hakuna laini isiyo na mgonjwa.

"Sijui," Subilaga alisema, bila kuinua kichwa. "Hilo nakiri mbele yako, sijui. Ninachojua ni kwamba anayekatwa aambiwe ukweli, ili siku ya pili akatae. Watu wangu wa juu sikuwapa hata nafasi ya kukataa."

Katika madaftari yale, kurasa thelathini na kitu zilikuwa na mwandiko wa Lugano mwenyewe. Baada ya muda aliketi kwenye kiti cha msaidizi na kuuelekeza uso kwenye mshale, akaanza kuusoma kwa sauti kila dakika tano ili mama asilazimike kuangalia.

*

Mkurugenzi wa kituo, Injinia Ngalomba, alipanda saa sita na nusu akiwa amevaa suti ya sherehe. Alikuwa mtu wa adabu, na hasira yake ilianza na salamu. Alimuuliza mama ameamkaje. Kisha akasema kwamba makao makuu wamepiga simu, uhakika wa Mwigo umeanguka hadi thelathini na moja, na mafundi wanasema tatizo liko kwenye meza hii.

Subilaga alimweleza bila kupamba. Ngalomba alisikiliza huku akipangusa kiti ambacho hakukikalia. Alimkumbusha kwamba kila ukurasa anaouchora ni ushahidi wa kughushi, na sahihi iliyopo pale ni ya nani. Kwamba amebakiza miezi mitatu astaafu kwa heshima. Kwamba mtu huenda jela kwa kurasa tano za namna hiyo, sembuse mia nne. Alipoona hilo halijaingia, alibadili sauti akasema anaelewa, msiba wa mtoto ni msiba, na akapendekeza waandike barua moja ya jumla, yenye lugha nzuri, ya kushauri laini ya Saba iangaliwe kwa jicho la huruma. Ataisaini yeye mwenyewe, Jumatatu.

"Mwigo hasomi barua, Injinia. Hiyo unaijua kuliko mimi. Anasoma mstari mmoja mmoja."

"Basi nakuamuru ukabidhi zamu sasa hivi."

"Sikabidhi."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyokataa sukari ya pili. Ngalomba aligeuka kwa Lugano akamwambia aipokee zamu, atamke, aweke mkono mezani, mafundi watamfuta mama kwenye mfumo. Ilikuwa njia pekee na aliijua. Desturi ilitaka vinywa viwili, lakini mkurugenzi akiwepo na mpokeaji akitamka, kinywa cha pili kingetosha kwa dharura.

Lugano alisimama. Alikuwa na mke mwenye mimba, na mkataba wake ulitakiwa kuhuishwa mwezi ujao, na kila mtu katika chumba kile alijua. Aliutazama mkono wake. Subilaga aliendelea kuandika. Kama kijana angepokea, yeye asingemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Mimi sijapokea," Lugano alisema mwishoni, akaketi. "Na ukurasa wa mia tatu na nane ni wa kwangu, mama. Ukiufikia, nipe kalamu."

Ngalomba alitazama saa yake. Nje kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa kuwapokea wageni. Hakushuka. Alitoa simu, akaanza kuzungumza na makao makuu kwa Kiswahili kilichonyooka mno, cha mtu anayejua kwamba maneno yake yanarekodiwa.

*

Kisima cha tano kilikohoa saa nane na dakika ishirini.

Lugano, aliyekuwa amekwisha kusahihisha kurasa zake, ndiye aliyeona kwanza. Shinikizo lilishuka, likapanda kidogo, likashuka moja kwa moja. Mtambo wa pili ukaanza kupoteza mvuke. Lugano akausoma mshale: arobaini na tisa nukta sita. Arobaini na tisa nukta nne. Chini kwenye mahema walikuwa wamewasha vipaza sauti, taa za jukwaani na jokofu la keki, na kwenye mashamba vikaushio vyote vya chai vilikuwa vinafanya kazi kwa sababu ulikuwa msimu. Kwa hesabu ya Lugano walikuwa na dakika nne, pengine tano.

Kwa mazoea, watu wote watatu waliinua macho kwenye kioo cha Mwigo. Kwa kawaida mapendekezo yake yalitokea kabla mshale haujagusa arobaini na tisa na nusu: LAINI 7, MATENGENEZO, na kiduara cha kijani cha kubonyeza. Kioo kilikuwa kimebaki kijivu. Uhakika ulikuwa mbili. Halafu yakatokea maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyaona pale.

SINA MFANO.

"Mungu wangu," Ngalomba alisema. Simu ilikuwa bado sikioni mwake. Akamwambia Subilaga akate Saba. Hakuamuru, aliomba. Alisema mara hii moja tu, wageni wako chini, kesho watazungumza yote, kesho wataiangalia laini ya Saba kama mboni ya jicho. Alikuwa anamaanisha. Wote waliowahi kuikata laini ile walimaanisha.

Subilaga alisaini ingizo lililokuwa mkononi mwake, la mia nne na tisa, akaifunika kalamu nyekundu. Akapitisha kidole kwenye safu ya swichi. Hospitali, pampu, shule. Kwenye laini ya Kwanza kulikuwa na ofisi, na nyumba za wafanyakazi, na nyumba yake mwenyewe, lakini mzigo wake ulikuwa mdogo mno kuokoa kitu. Alitamani ingekuwa hiyo, ingekuwa rahisi kwake. Iliyobaki ni ya Tatu. Kule kulikuwa na vikaushio, na nyuma ya vikaushio vibarua mia sita ambao wakipoteza chai ya leo watasukumwa waifidie kwa jasho la kesho. Alijua hivyo. Hakujipa udanganyifu kwamba amepata mkono msafi. Akainua simu, akapiga kiwandani, akamwomba meneja.

"Naitwa Subilaga Mwakalobo, niko kwenye zamu hapa Itekela. Nakata laini yenu baada ya dakika mbili, kwa saa tatu. Anza kuzima vikaushio sasa, taratibu, uwatoe watu kwenye mashine."

Meneja aliuliza kama ni matengenezo.

"Hapana. Ni upungufu. Umeme hautoshi."

Meneja akaanza, kama Subilaga alivyojua ataanza. Akataja jina la mtu wa makao makuu. Akataja mkataba. Mwisho akauliza swali ambalo miaka kumi na moja hakuhitaji kuliuliza: kwa nini sisi, kwa nini msikate kule juu?

"Kule juu wamekatwa mara mia nne na thelathini, nami ndiye niliyewafanyia hivyo," Subilaga alisema. "Leo ni nyinyi. Kama hukubali, una haki, piga kelele, andika, waite waandishi. Jina langu unalo. Bado dakika moja na nusu."

Lugano alisoma mshale. Arobaini na tisa nukta moja. Ngalomba alipiga hatua kuelekea kwenye swichi ya Saba, na Lugano akanyanyuka akasimama mbele yake, bila kumgusa, mikono nyuma. Walikuwa wamekaribiana kiasi cha kusikiana pumzi. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kupigana, na pengine, ndani kabisa, hakutaka mkono wake uonekane ukifanya kile ambacho siku zote alikuwa akikiagiza. Alisimama pale pale.

Arobaini na tisa kamili.

Subilaga alivuta swichi ya Tatu chini. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mlango wa kabati. Mtambo wa pili ulinguruma, ukashusha pumzi, na mshale ukatulia, ukaanza kupanda polepole, arobaini na tisa nukta tatu, nukta saba, hamsini. Nje kwaya haikukosa hata neno. Wageni hawakujua lolote na keki haikuyeyuka. Huko juu Ikapilo, taa ya mashine ya joto haikupepesa.

Simu zilianza. Ya kwanza kiwanda, ya pili mkuu wa wilaya, ya tatu namba ndefu ya makao makuu. Subilaga alizipokea zote kwa zamu, akawaambia wote maneno yale yale, na kila aliyeuliza jina alimtajia herufi kwa herufi. Kati ya simu na simu alivuta daftari la leo. Kwenye safu ya laini akaandika tatu. Kwenye safu ya sababu akaandika upungufu, akaona haitoshi, akaongeza: nimechagua mimi, nimewaambia kabla. Akatia sahihi, safari hii kwa wino wa bluu.

Ngalomba alikata simu yake. Uso ulikuwa umemkauka. Alimwambia kwamba usambazaji wa Mwigo kwenye kanda nane umesitishwa mpaka itakapoamuliwa vingine, kwamba wageni wameambiwa kuna hitilafu ndogo, kwamba Jumatatu saa mbili atafika mbele ya kamati ya nidhamu na anashauriwa aje na wakili. Alisema hayo yote akiwa amesimama katikati ya meza na ukuta, kivuli chake kimelala juu ya ukurasa uliokuwa chini ya kamera.

"Nitakuja," Subilaga alisema. "Sogea kidogo, Injinia. Unamziba, hasomi."